Uzito wa Kifungo

Kengele ya mwisho ya Ijumaa ilipolia, Mashine, msichana wa darasa la saba, alikuwa wa kwanza kuketi mbele ya kompyuta ya muuguzi wa shule. Walimwita Mashine kwa kasi ya vidole vyake, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Kazi yake ilikuwa kuandika uzito wa watoto wa darasa la kwanza kwenye vekta, yaani orodha ndani ya programu ya takwimu, kisha kuchuja walio chini ya kilo kumi na tano. Hao hupewa maziwa kila asubuhi.

"Taratibu, dada, utavunja kibodi!" mtoto waliyemwita Kifungo alimtania akishuka kwenye mizani. Hakuna aliyekuwa mdogo kama yeye darasani.

"Nyamaza wewe, feni itakupeperusha!"

Watoto wakaangua kicheko. Mashine naye, akiwa bado anacheka, akamwandikia "14 kg", ilhali wengine wote aliwaandikia namba tupu.

Vekta moja hubeba vitu vya aina moja tu. Herufi zile mbili zikazigeuza namba zote kuwa maneno, na kompyuta ikagoma kukokotoa. Mashine akaiamuru izirudishe kuwa namba. Zikarudi, lakini pakatokea onyo: neno moja halikugeuzika, mahali pake pamebaki patupu. Aliliona onyo hilo. Aliliona vizuri kabisa. Ila wenzake walikuwa wakimwita uwanjani, basi akalifuta lile pengo na kuchapa orodha safi ya majina sita.

Wiki tatu baadaye, Kifungo alianguka mstarini. Muuguzi akampima: kilo kumi na tatu.

"Huyu mbona hayumo kwenye orodha ya maziwa?"

"Labda kompyuta ilikosea," mwalimu wa darasa la kwanza alisema.

Mashine alikuwa amesimama mlangoni. Angenyamaza, yangeisha hapo. Akamtazama Kifungo kwenye kitanda cha muuguzi, miguu yake haifiki hata katikati ya godoro.

"Haikukosea, mwalimu. Ilinionya. Mimi ndiye niliyeficha."

Mwalimu hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Alimvutia kiti tu. Mashine akaandika upya, polepole, kisha akaiuliza kompyuta: zote ni namba? Ndiyo. Kuna pengo? Hapana. Akahesabu: watoto ishirini na wanane, sawa na walioko darasani. Majina ya maziwa yakawa saba.

Kifungo alishika kikombe cha maziwa kwa mikono miwili. "Dada, kwani siku ile mimi sikuwa na uzito?"

Mashine alichuchumaa, akamfuta maziwa mdomoni.

"Ulikuwa nao, mwanangu," mwalimu alisema, kisha akamgeukia Mashine. "Ukigeuza kitu, kipime uone kimekuwa nini. Na ukikuta pengo, usilifute kabla hujajua ni nani aliyekuwa hapo. Maziwa ya leo amepata. Ya wiki tatu zile hatuwezi kumrudishia."