Zamu ya Bi Kidole

Wanaoisimulia habari hii siku hizi wengi wao hawakuwapo, na ndio wenye maneno mengi. Juzi dukani nilimsikia mmoja akisema mjomba wangu alivutwa na mkono uliotoka mferejini. Nilimwambia aache kutia chumvi mahali ambapo hata chakula hakipo. Hakuna aliyevutwa. Mimi nilikuwa nikiishi katika nyumba ile, nikipika katika jiko lile, na ule mlango niliubomoa mimi kwa jembe.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yangu, na mama alipofariki ndiye aliyenichukua. Kwa hilo namshukuru, na shukrani zangu zinaishia hapo. Siwezi kumsifu mtu kwa sababu tu yuko kaburini. Shamba lake lilikuwa la kwanza pale mfereji unapoingia bondeni, geti lake ndilo lililotangulia kupata maji, basi akajiona yeye ndiye mto wenyewe. Watu walimwita Bwana Bwawa. Alikuwa akiyaachia maji mpaka majaruba yanafurika na vitunguu vyake mwenyewe vinaanza kuoza, kisha yanavuka njia na kwenda kutuama mbele ya mashine ya kusaga, bata wanaogelea. Ukimwambia kitu, anakujibu, "Kwani nimeyachota kwenye kisima cha baba yako?"

Mwisho kabisa wa mfereji, ambako maji hufika yakiwa yameshachoka, kulikuwa na shamba la Bi Kidole. Mjane, anaishi peke yake. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia kilikatwa na mundu tangu yuko msichana, kikabaki kipande, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla watu hawajamwahi. Ulimi wake haukuwa na breki. Yeye na mjomba walichukiana waziwazi, hata salamu za kinafiki hawakupeana.

Sasa lazima nieleze tunavyogawana maji, maana bila hilo hutaelewa kitu. Geti letu ni mbao zinazoteremshwa kwenye saruji. Zamu yako ikifika, unapanda juu, unateremsha mbao za mageti ya wenzako, unaziba nyufa kwa tope, halafu unabonyeza kiganja chako kwenye lile tope. Maana yake maji ni yangu. Zamu ikiisha unarudi mwenyewe na kukifuta kwa mkono uleule. Kiganja cha mwenzako hukifuti. Kamati ya maji haikifuti, mgawa maji hakifuti, hata ndugu yako wa tumbo moja. Mtu akifa katikati ya zamu, jeneza hupitishwa getini kwanza, mkono wa marehemu unasuguliwa kwenye tope, ndipo akazikwe. Niliwahi kuliona hilo nikiwa mdogo, nikaona ni upuuzi wa watu wazima.

Mwaka ule jua lilikuwa kali. Maharage ya Bi Kidole yalikuwa yanatoa maua, na kila mtu alijua kwamba yakikosa maji wakati wa maua, basi. Alikuwa ameyasema kwenye kikao cha kamati, mbele ya mjomba, amesimama huku wenzake wamekaa: "Nikikosa zamu hii sina cha kula wala cha kupanda. Nasema mapema, msije mkasema sikusema." Mjomba alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Mgawa maji, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua, alitazama dirishani.

Asubuhi ya zamu yake Bi Kidole alikuja mapema. Mimi nilikuwa naosha vyombo nje. Aliteremsha mbao, akaziba, akabonyeza kiganja, akaninyooshea ule mkono wenye tope kama salamu, akashuka zake kwenda kuyasubiri maji yake. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Kuku wanaparua, redio ya jirani inakoroma.

Mjomba alimaliza chai, akaenda getini. Majaruba yake yalikuwa yamejaa mpaka juu, hakuhitaji hata tone. Alikifuta kile kiganja kwa unyayo. Sikusema mkono, nimesema unyayo.

Mkewe alimfuata mbio, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mume wangu, hicho ni kiganja cha mtu."

"Ni tope," mjomba akasema, akang'oa mbao.

Jua lilipofika utosini Bi Kidole alirudi. Alikuwa amekuja kwa kutembea ndani ya mfereji, kwenye vumbi, kwa sababu maji hayakuwa yamemfikia. Tulijua matusi yanakuja, mke wa mjomba akaanza kuwaita watoto wa jirani waingie ndani. Lakini hakupiga kelele. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nipeni kwanza maji ya kunywa," akasema. "Tukishamaliza hapo, tutatukanana."

Nilichota kikombe mtungini. Mjomba alikipokea kutoka mkononi mwangu, nikadhani anataka kumpa yeye. Akayamwaga chini, polepole, karibu na miguu ya mama wa watu. "Maji yako si uliyafungia kule chini? Kayanywe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Kidole aliangalia udongo ukiyanywa mpaka ukamaliza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, "Zamu yangu haijaisha, Bwana Bwawa." Akaondoka.

Alasiri mgawa maji alimkuta kule mwisho wa mfereji, amelala kwenye geti lake mwenyewe, amekufa, mkono wa kulia umening'inia ndani ya mfereji mkavu. Muuguzi wa zahanati alisema jua na moyo. Labda.

Ndugu zake walikuja kuzika. Wakauliza, kama ilivyo kawaida, tupite naye geti gani? Mjomba akawajibu kwa ujasiri, kiganja gani? Nendeni mkaangalie, hakuna kiganja pale. Wakaenda, wakakuta geti liko wazi, saruji safi. Kamati nzima ilisimama pale, watu wazima wenye akili zao, wakatikisa vichwa kwamba hakuna cha kufuta. Wakampeleka moja kwa moja makaburini. Hilo ndilo kosa lililofanyika, na lilifanywa mchana kweupe.

Haikupita muda, mjomba akarudi kutoka shambani anatukana. Nani kafunga geti? Mbao zilikuwa chini, zimezibwa, na juu ya tope kuna kiganja. Alikifuta kwa mguu, akaenda kugombana na jirani. Kesho yake kiko palepale. Akamzaba kibao mgawa maji mbele ya wanawe. Kesho yake kipo. Hapo ndipo mkewe alipoinama akakitazama vizuri. Akanishika mkono, akanivuta nikaangalie na mimi. Vidole vinne virefu, na kimoja kipande.

"Kuna mtu anatuchezea," mjomba akasema. Akachukua kigoda, akakaa getini, panga mapajani. Aligeuka kuwasha sigara tu. Alipogeuza shingo mbao zilikuwa zimeshuka na tope limeshabandikwa. Tope bichi. Na mfereji wakati huo ulikuwa mkavu, juu ya geti na chini yake.

Tulishangaa maji yanakwenda wapi. Yalikuwa kule mwisho. Shamba la Bi Kidole, ambalo halikuwa na mtu wa kulifungulia, lilikuwa limelowa vizuri, na maharage yamestawi yanapendeza. Hakuna aliyethubutu kuyachuma.

Kisha mambo yakaingia ndani.

Mfuniko wa mtungi ulikutwa umezibwa kwa tope pande zote, kiganja juu. Mjomba aliuvunja kwa jiwe, akachota, akanywa. Akatema. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa vumbi. Nilikichukua kikombe kilekile nikanywa yaliyobaki. Yalikuwa maji, tena ya baridi.

Kuanzia hapo hakunywa kitu kikamfika. Chai, uji, mchuzi, vyote vikigusa ulimi wake vilikuwa vumbi. Alikuwa akikohoa na vumbi linatoka kama unakung'uta gunia. Yule mtu wa kelele akawa ananong'ona. "Nina kiu," basi. "Nina kiu." Nje ya dirisha lake majaruba yalikuwa bado yamejaa, na bata wapo.

Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimtundikia dripu. Haikushuka. Akabadilisha sindano, akabadilisha mkono, akabadilisha chupa. Haikushuka. Alipouchomoa ule mpira na kuuminya, ncha yake ilitoa tope. Muuguzi alilitazama, akalifuta kwa pamba bila kutuangalia.

"Mrudisheni nyumbani," akanong'ona.

Mke wa mjomba hakulia. Aliniambia, "Anayetakiwa kukifuta yuko chini ya udongo. Tulimzika na zamu yake." Akajifunga kanga ya pili, akaenda kuwapigia magoti ndugu wa Bi Kidole, wafukue kaburi, mkono upitishwe getini. Walimsikiliza amesimama mlangoni, hawakumkaribisha ndani. Kaka mkubwa wa marehemu akamuuliza, "Dada yetu alipoomba maji, mlimpa nini?" Wakafunga mlango.

Wakati yuko huko, mimi nilikwenda kuchota maji. Sikukawia. Jua lilikuwa utosini tena, hakuna mtu njiani, hata kuku wamejificha. Niliporudi niliiona nyumba kwa mbali, nikaona mlango haupo.

Mlango ulikuwapo. Ulikuwa umezibwa. Tope kutoka kizingitini mpaka juu, limelainishwa vizuri, kama kazi ya fundi. Katikati, kiganja.

Nikatua ndoo. Nikasikia kugonga.

Kulitoka ndani. Polepole. Ngo. Ngo.

"Mjomba?"

"Nifungulie." Sauti kavu, karibu kabisa na ubao. "Nina kiu. Nifungulie."

Nilishika jembe. Nilikuwa na hasira, nisikufiche, hasira na yule mzee kwa kutuletea mambo haya ndani. Lakini akili bado nilikuwa nayo. Nilichimba pembeni. Nilichimba bawabani, nilichimba chini, kile kiganja nikakikwepa. Kugonga kukaendelea. Mlango ukalegea, nikausukuma kwa bega, kugonga kukakoma.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Sakafu ya chumba ilikuwa imepasukapasuka, kama mfereji wakati wa kiangazi. Mjomba alikuwa kitandani kwake, chali, mikono imenyooka. Ngozi yake ilikuwa imekauka, imegandamana na mifupa. Kinywa chake kilikuwa wazi na kimejazwa tope mpaka kwenye midomo, likalainishwa. Juu yake, kutoka kidevuni mpaka puani, kiganja. Kile kipande cha kidole kiliishia chini ya jicho.

Nilimgusa. Alikuwa baridi, amekakamaa. Alikuwa amekufa muda mrefu kabla sijarudi. Basi aliyekuwa akigonga ni nani, na aliyeniomba nimfungulie ni nani, mimi sijui, na nimeacha kujiuliza.

Waoshaji walimwaga maji, yakawa yanateleza pembeni, lile tope hata halikulowa. Hakuna aliyekubali kulibandua kwa mkono. Alizikwa nalo.

Mke wa mjomba alirudi kwao. Shamba likabaki kwangu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Nafungua kwa zamu, nafunga kwa zamu, na hapa kwangu maji hayamwagiki ovyo. Wanaopita wananicheka kwamba ninakinga mpaka yanayodondoka kwenye nguo zilizoanikwa. Wacheke.

Ila wiki iliyopita alinitembelea wifi yangu. Ni mtu wa mjini, mwenye kudharau. Nilimtengea ndoo ya maji ya kunawa, akaona nzi mmoja ameingia, akaishika ndoo nzima akaimwaga uani. Nilimwambia, wifi, huku hatufanyi hivyo. Akanijibu, "Mwenye mfereji mlangoni naye analilia maji?" Nikampakulia chakula. Alikula, akashiba, akaenda kulala chumba cha mbele, kile cha mjomba, kwa sababu ndicho chenye upepo.

Aliamka alasiri, akatoka nje amenuna.

"Wewe wifi," akasema, "ukitaka kuniamsha si uniite? Umenishikashika uso na mikono yako michafu."

Sikuwa nimeingia chumbani mle. Nilimgeuza kwenye mwanga. Kilikuwa shavuni, kibichi, na ncha za vidole zimefika pembeni mwa mdomo. Vinne virefu.

Aliinua mkono ajifute. Nilimkamata.

"Usiguse," nikamnong'oneza. "Si chako kukifuta."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. Akacheka, akakohoa kidogo, akajishika koo.

"Haya, niachie," akasema. "Kwanza niletee maji ya kunywa."