Aliyemsuka Lulu

Lulu aliamka usingizi wa mchana akiwa amesukwa, na mama yake hakuwa amemsuka.

Kokuberwa ndiyo kwanza alikuwa ametoka shuleni anakofundisha, jasho linamtiririka, mkoba bado uko begani. Asubuhi alimwacha mtoto na nywele timtim, akijiahidi kuzishughulikia Jumamosi. Sasa kichwa kizima kilikuwa na twende kilioni, mistari myembamba iliyonyooka hadi kisogoni, inang'aa mafuta ya nazi, na chumba kinanukia marashi ya mawaridi kama vile maiti ametoka kukafiniwa humo. Hasira zikampanda. Akavuka uani hadi kwa Vaileth, jirani aliyekuwa akimwangalizia mtoto, akamuuliza nani amempa ruhusa ya kumsuka mwanawe.

Vaileth akaapa hajamgusa. Alimlaza, akakaa pale mlangoni anachambua mchele, na hakuna mtu aliyepita. "Mie kusuka kwenyewe sijui, Mama Lulu. Si unaniona na mawigi yangu kila siku," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Kokuberwa aliifumua misuko yote. Kesho yake akaikuta tena, imekazwa zaidi, hadi nyusi za mtoto zimevutwa juu.

Walikuwa wamepanga Mwananyamala, vyumba viwili na sebule, nyumba isiyo na historia yoyote ya maana. Mumewe, Gozbert, alikuwa mwongoza watalii. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye makanisa ya zamani ya katikati ya jiji, kwenye soko la vinyago Mwenge, na mwisho kabisa kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe upande wa kaskazini, karibu na bahari. Wote wawili walitoka Bukoba, watu wa kanisani, na habari za majini walikuwa wakizisikia kwa majirani na kuzicheka wakifika ndani.

Kicheko kilikwisha Lulu alipoanza kukataa chakula. Alisema ameshiba, ameshalishwa na mama wa kwenye mawe. Shavuni alikuwa na punje za wali wa nazi, na siku hiyo pale nyumbani palipikwa ugali. Watu wa jumuiya ya kanisani wakaja kusali na kuimba, harufu ikakata jioni ile. Kesho yake ilirudi, safari hii pamoja na sauti ya bangili zikigongana bafuni, mchana kweupe, redio ya jirani inapiga singeli.

Alasiri moja Kokuberwa aliwahi kurudi, akavua viatu mlangoni na kunyata, kwa sababu alikuwa amedhamiria kumfumania huyo msusi na kumkwida shingo, na aliposukuma mlango wa chumbani akamwona mwanawe amelala chali, kichwa kimeinuka juu ya mto kiasi cha kiganja, kimeegemea pasipo na kitu, kama kimelazwa kwenye paja la mtu, na nywele zinajigawa zenyewe fungu kwa fungu, mstari unachorwa polepole kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma na ncha ya kitu asichokiona, bangili zisizoonekana zikilia kila fungu linapokazwa, na macho ya Lulu yako wazi, yanamtazama yeye.

"Mwachie mwanangu," Kokuberwa alisema. Aliogopa, lakini hasira zilikuwa mbele ya woga.

Midomo ya mtoto ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ya chini, isiyo na haraka.

"Mumeo anawaambia watu kwetu kuna mwanamke muua watoto. Kwetu hakuwepo. Lakini kwa kuwa mnamtaka, nitakuwa mimi. Nikishamaliza kumpamba."

Kichwa kikashuka kwenye mto. Lulu akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, na mstari mmoja ulikuwa umebaki juu ya sikio la kushoto, haujasukwa.

Gozbert aliporudi alikutana na mke aliyesimama mlangoni, akimtajia yaliyosemwa na ile sauti. Alijaribu kujifanya haelewi, kisha akakaa kwenye kochi akasema yote. Pale magofuni kuna kaburi kubwa limeshikamana na kaburi dogo, na hakuna anayejua ni la nani. Wageni walikuwa wakifika wamechoka na jua, wanachezea simu. Siku moja akajitungia kwamba aliyelala pale alimnyonga mwanawe kwa wivu, na kwamba jini lake bado linatafuta watoto. Wageni wakasisimka, wakapiga picha, wakaiomba ofisi iwape Gozbert tena. Basi akawa anasema hivyo kila safari.

"Umemsingizia marehemu ili upigiwe makofi," Kokuberwa alimwambia. "Halafu anakuja kunidai mie."

Alitamani kumpiga. Badala yake akambeba mtoto, na wakaenda wote watatu Temeke, kwa Bi Munira, aliyekuwa akiuza udi na viungo sokoni na kutibu watu nyuma ya duka. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia huku tayari anakishika kichwa cha Lulu, akaufuata kwa kidole ule mstari uliobaki. Kisha akamgeukia Gozbert akamtukana tusi ambalo Kokuberwa alikuwa analitafuta tangu nyumbani.

"Huyu simtoi," akasema. "Angekuja kuonea watu ningemtoa. Aliyekufa amekwenda kwa Mola wake, huyu ni jini aliyebaki kumlindia bibi yake kaburi, na nyie mmemtukania bibi yake. Nenda palepale, mbele ya hao wageni wako unaowadanganya, useme umedanganya. Usizungukezunguke."

Asubuhi iliyofuata Gozbert alikuwa na wageni. Gari liliendeshwa na Brightson, mwongozaji mwenzake, mtu wa Kigamboni, ambaye miezi michache nyuma Kokuberwa na mumewe walikwenda kwake kumtazama mtoto mchanga na kula pilau. Brightson alishangaa kuona familia inapanda, lakini hakuuliza.

Walipofika kwenye yale makaburi mawili, palikuwa na kichupa cha marashi kilichoachwa na mtu, na majivu ya udi. Gozbert akaanza kwa Kiingereza chake kizuri. Alisema kuna simulizi nyingi kuhusu kaburi hili. Alisema wengine husimulia hivi na wengine vile, na kwamba historia ni kitu kigumu, na alipokuwa anaendelea kujikosha hivyo Kokuberwa akasikia bangili karibu na shingo yake, akamtazama Lulu aliyembeba, akaona ule mstari juu ya sikio umeanza kujigawa, nywele zinakazwa zote kwa pamoja, ngozi ya uso inavutwa nyuma, macho yanageuka nyufa mbili, mdomo umeachama na hautoi pumzi.

"Sema umedanganya, Gozbert," Kokuberwa alinguruma. "Mbwa wewe, sema."

Gozbert akamwona mwanawe. Akapiga magoti kwenye mchanga akasema kwamba alidanganya, kwamba mama aliyelala pale hamjui, hajui jina lake wala la mtoto wake, kwamba yote aliyatunga yeye kwa tamaa ya kusifiwa, na anamwomba radhi. Akasema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili, analia.

Misuko ikaachia. Ilifumuka yenyewe, yote kwa mara moja, nywele zikasimama timtim kama zilivyokuwa zamani, na Lulu akavuta pumzi na kukohoa.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni maigizo, sehemu ya ziara. Mama mmoja mwenye kofia pana akasogea na simu, akaomba apige picha na mtoto. Kokuberwa alimtazama kwa namna ambayo yule mama alirudi garini bila kuambiwa.

Gozbert aliacha kazi, akaenda kuuza vinyago Mwenge, ambako alikataa katakata kumwambia mteja yeyote kinyago kina maana gani. Lulu akanenepa. Kokuberwa akamnyoa kipara, na nywele zilipoota tena akazisuka kwa mkono wake, akiwa bado anakosa amani kila anaposikia bangili za mtu njiani.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Vaileth alipomletea simu, akisema kuna ishu imesambaa. Ilikuwa video. Brightson amesimama kwenye yale makaburi mawili, amevaa fulana mpya ya kampuni. Anawaambia wageni kuhusu mwanamke aliyemnyonga mwanawe, na sasa ameongezea mengine, kwamba jini lake lilimwingia hata binti wa mwongozaji, palepale, na yeye alishuhudia kwa macho yake. Akaigiza Lulu anavyokosa pumzi. Wageni wakapiga mayowe ya raha.

Kokuberwa aliitazama hadi mwisho, kifua kinamwaka. Brightson alikuwepo. Aliliona kaburi, alimwona mtoto, alimsikia Gozbert analia. Akamrudishia Vaileth simu, akaingia ndani.

Sebuleni palinukia marashi ya mawaridi.

Lulu alikuwa sakafuni anachora, mgongo ameupa mlango. Hakugeuka. Juu ya sikio lake la kushoto mstari mmoja ulianza kuchorwa, polepole, kwa adabu kabisa, kama mtu anayebisha hodi.

"Na huyu," ile sauti ya chini ikauliza, "anakaa wapi?"

Kokuberwa alikiona akilini kile kichanga cha Brightson kimelala kwenye khanga, siku ile ya pilau. Aliuona na ule mstari, umefika nusu ya kichwa cha mwanawe.

"Kigamboni," akasema. "Ukivuka daraja, ulizia duka la dawa. Geti la bluu, mkabala nalo."

Mstari ukasimama. Harufu ikapungua, ikatoka dirishani, na Lulu akaomba rangi ya kijani.

Namba ya mke wa Brightson ilikuwemo kwenye simu yake. Kokuberwa aliitafuta, akaiona, akakaa na simu mkononi hadi kioo kikazima. Kisha akaenda jikoni kubandika maji ya ugali.