Sarafu za Babu na Limau la Idi

Zilibaki siku mbili Idi ifike, na Sundus alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikung'uta mazulia, akafagia ua, kisha akaketi kusugua mabirika ya kahawa kwa limau na majivu. Vidole vilimwasha, na mama yake hakuacha kumtuma.

Rafuni aliona kopo la halua la babu yake, Mzee Dirar. Ndani mlikuwa na sarafu za shaba za tangu kabla ya Nabii Isa, ambazo mvua huzifukua chini ya mizeituni yao. Kila moja ilifungwa kwenye karatasi iliyoandikwa mahali ilipookotwa. Sundus aliziona chafu, zimeota ukijani. Akachukua tatu, akazisugua pamoja na mabirika. Ukijani ukatoka, na nanga na nyota zilizochorwa juu yake zikafutika pia.

Babu aliporudi alizitazama, akazigeuza moja moja. Alipouliza nani kafanya vile, Sundus hakuwa na nguvu ya kugombezwa. Akamtaja Yaman, binamu yake wa miaka sita. Mtoto alikana huku akilia, lakini babu alisema hatamchukua tena shambani kuokota sarafu.

Alasiri Sundus alimkuta Yaman kakaa mlangoni, kavaa viatu vyake vya shamba na mfuko mtupu mapajani, akingoja labda babu atabadili mawazo. Sundus akaona aibu kubwa. Akamwendea mzee.

"Babu, ni mimi niliyezisugua. Yaman nimemsingizia."

"Kusugua nakusamehe, hukujua," alisema mzee. "Ule ukijani ndio ngozi yake, ukiubandua na picha inakwenda. Lakini uongo uliujua, mjukuu wangu, ukamtwika mtoto mdogo. Kamwombe radhi."

Sundus alipotoka kwa Yaman, babu alimpa karatasi na penseli.

"Niandike nini, babu, na zimeshaharibika?"

"Andika yaliyotokea. Sarafu iliyoharibika bado ina faida ikiwa karatasi yake inasema kweli. Mtu naye ni vivyo hivyo."

Sundus akaandika polepole, mkono ukimuuma: *Zimesuguliwa kwa limau na Sundus, siku mbili kabla ya Idi. Si Yaman.*

Babu alisoma, akaifunga karatasi pamoja na sarafu, kisha akamwita Yaman aje na mfuko wake.