Kisiki cha Bolti

Bolti ilikatika kwa sauti ndogo tu, na spana mkononi mwa Mwinyijuma ikawa nyepesi ghafla. Kichwa cha bolti kilidondoka, kikagonga chuma, kikapotelea topeni chini ya lori. Hakuinama kukitafuta. Alibaki ameinamia injini, mvua ya masika ikimchapa mgongoni, akajua papo hapo kwamba amefanya balaa.

Nyuma, bodini, chini ya turubai, alikuwa amelala shemeji yake Twalibu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, huko Kurui, nguruwe dume alivamia shamba la mihogo, na Twalibu alipomwendea kwa mkuki, mnyama yule alimchana paja kutoka gotini mpaka karibu na kinena. Biubwa, mkewe Twalibu na dada yake Mwinyijuma, alikuwa amekipakata kichwa cha mumewe, mkono mmoja umekandamiza kanga kwenye jeraha. Hospitali ilikuwa Kisarawe. Asipofikishwa, atakufa, hilo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyeuona mguu ule.

Bolti yenyewe ilikuwa moja kati ya mbili zinazoishika shingo ya chuma juu ya injini, pale mpira wa maji unapotokea kwenda kwenye rejeta. Shingo ilianza kuvuja tangu asubuhi. Kuvuja kidogo, ungeongeza maji ukaenda zako. Lakini mle bodini alikuwamo abiria mwingine, Mashaka, Mnyamwezi mrina asali. Huyu alikuja pwani kukata mkonge Kibaha, misitu ya Kisarawe ikamnogea, hakurudi kwao. Siku hiyo alikuwa anapeleka sokoni madebe ya asali na mikate ya nta, na mdomo wake haukupumzika tangu Chole.

"Mtani, gari lako kikojozi," alikuwa akisema kila waliposimama. "Mama yake hakulifunza kuamka usiku?"

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hakasirikiwi. Atakutukana, atakuchukulia kuku wako, atakulilia matanga mlangoni ungali mzima, na wewe kazi yako kucheka. Mwinyijuma alicheka. Akacheka tena, roho inamuuma, mgonjwa yu nyuma yake na lori linamwaibisha. Mara ya mwisho alishuka, akachukua spana, akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili apate nguvu, na hasira zote ambazo hakuruhusiwa kumwonyesha mtu akazishindilia kwenye ile bolti. Haya, ndiyo hiyo sasa.

"Kuna nini?" Biubwa aliuliza kutoka bodini.

"Bolti imekatika."

"Tunaenda au hatuendi?"

Mwinyijuma alichukua koleo. Alikata waya, akaifunga shingo ile akaizungushia mara nyingi, akawasha. Lori lilipanda kilima kimoja, kisha mvuke ukaruka juu ya boneti na maji ya moto yakamwagika yote. Waliliachia likateremka lenyewe mpaka ukingoni mwa kijito kilichokuwa mbele yao, na huko wakaona ya kuona. Kijito kilikuwa kimekuwa mto. Mashaka aliingia na fimbo akipima. Maji yakamfika kifuani, yakamzoa miguu, akatoka kwa kushika mizizi. Alipokwenda kuangalia kijito cha nyuma, kile walichokivuka asubuhi, magogo ya daraja yalikuwa yameshachukuliwa.

Basi wakabaki pale, kati ya maji na maji, ndani ya msitu wa upande wa Vihingo. Miti mirefu imebanana, ardhi yote inabubujika, na hakuna kijiji ambacho sauti ingefika. Walikinga maji ya mvua kwenye turubai wakanywa. Biubwa alichemsha mengine kwenye debe, akaosha jeraha, na Mashaka akafungua asali yake bila kuombwa akaimimina kwenye nyama iliyo wazi. Usiku ulipita hakuna aliyelala.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, lakini paja la Twalibu limevimba na kung'aa, na yeye mwenyewe anazungumza na marehemu mama yake. Kijito cha mbele kilikuwa kimeanza kupungua.

"Tutengeneze machela," Biubwa alisema. "Tumbebe."

Wakakata miti, wakafunga turubai. Walipomnyanyua tu, kidonda kilifunguka na damu ikapita kwenye kanga ikawachuruzikia mikononi. Wakamrudisha chini haraka. Biubwa akafunga upya, akakaza kwa meno, kisha akamtazama mdogo wake kwa macho makavu.

"Hatobebeka. Umenisikia, Mwinyijuma? Atoke na gari, au azikwe hapa hapa."

Mwinyijuma akarudi kwenye injini. Alifungua ile bolti ya pili iliyokuwa nzima, akaing'oa shingo, na pale kikabaki kile kisiki: kipande cha bolti kimechomoza kidogo tu juu ya chuma, kimeoza kwa kutu. Alikibana kwa koleo. Koleo likateleza, likakila ncha kikawa duara. Akakibana tena, kikamomonyoka kikawa sawasawa na chuma. Sasa hapakuwa na cha kushika. Akachukua tindo na nyundo, akachimba mfereji mdogo katikati ya kisiki, apate kukigonga kwa ubavu kirudi kinyume. Alipiga. Akapiga. Hakikusogea hata kwa dawa.

Mbele, upande wa vilima vya Pugu, wingu jeusi lilikuwa linajikusanya. Mvua ikinyesha tena, kijito kitafunga, na Twalibu hana usiku mwingine wa kungoja. Bodini, Twalibu alianza kuguna, mguno mrefu usiokoma. Hapo ndipo Mwinyijuma alipokumbuka karakana ya jeshi kule Bama, ng'ambo, wakati wa vita, fundi mmoja akichoma bolti iliyoganda kisha akaibandika mshumaa, nta ikanywewa na meno ya bolti kama uji unavyonywewa na mtoto.

"Mashaka, nipe nta."

"Nta ya mtani hupewi bure," Mashaka alisema, huku ameshaumega mkate wa nta na kumpelekea.

Walifunga koki ya petroli, wakakausha injini kwa matambara, wakawasha moto mbali kidogo na lori. Humo wakatia mpini wa jeki. Ulipokuwa mwekundu, Mwinyijuma aliukandamiza juu ya kisiki mpaka ukafifia, akaurudisha motoni, akaja nao tena, na tena. Chuma kilipokuwa kinatoa moshi alibandika nta. Ikayeyuka ikaelea, kisha, polepole, ikazama pembezoni mwa kisiki ikapotea. Alipoona hivyo akashikwa na pupa. Akaikamata nyundo, akapiga tindo kwa nguvu zake zote. Ukingo wa tundu la bolti ukamenyeka kipande.

Alinyanyua nyundo tena, machozi yanamtoka, na nyundo haikushuka. Mashaka alikuwa ameishika kwa nyuma. Akaivuta, akaichomeka kiunoni chini ya msuli, akaenda kukaa nayo juu ya debe la asali.

"Nimeichukua," alisema. "Utani huo."

"Mashaka, nitakuua."

"Mtani hauawi. Nyundo ina ukombozi. Nenda kampe shemeji yako maji mpaka yaishe kikombeni, ndipo uje uikomboe."

Mwinyijuma alisimama amekunja ngumi. Angekuwa mtu mwingine yeyote, wangepigana pale pale topeni. Lakini mtani akishachukua, amechukua. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na kumpokonya ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Alipanda bodini. Kikombe kilikwenda tone kwa tone, Twalibu akimeza moja na kutema moja, na Biubwa akimfuta kidevu. Yalipokwisha, Mwinyijuma alikuwa anahema taratibu, na pupa ilikuwa imemtoka. Na kule kwenye injini chuma kilikuwa kimepoa, nta imeshuka mpaka chini kabisa.

Mashaka alimrudishia nyundo. Mwinyijuma aliweka tindo kwenye mfereji, akagonga kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Akagonga tena. Kisiki kikasogea. Ulikuwa msogeo mdogo mno, akadhani macho yanamdanganya, akakiwekea bisibisi na kuzungusha, nacho kikazunguka. Kikapanda chenyewe, cheusi, kimelowa nta, mpaka akakishika kwa vidole.

"Dada," aliita, na sauti ikamkatikia.

Aling'oa bolti kadhaa za bodi akizijaribu, mpaka ile iliyoshika taa ya mbele ikakubali kuingia. Alikata kipande cha ngozi kwenye kiatu chake, akakilowesha nta, akakilaza chini ya shingo. Safari hii hakuchukua bomba. Alikaza kwa mkono mmoja, akaacha. Wakajaza maji, akawasha, shingo haikuvuja.

Matone ya kwanza yaliwakuta kijitoni. Mashaka alitangulia na fimbo, maji yakimpiga mapajani, akionyesha palipo na mchanga mgumu. Lori liliingia. Maji yalipanda kwenye ngazi, injini ikakohoa, ikakaribia kunyamaza, Mwinyijuma akawa anaomba kwa sauti bila kujua kwamba anaomba. Magurudumu ya mbele yakashika ukingo. Wakatoka. Nyuma yao mvua ilifunga msitu wote.

Hospitalini Kisarawe walimpokea Twalibu mlangoni kwa machela. Mwinyijuma hakuingia ndani. Alikaa kwenye usukani, injini inanguruma, akisikiliza kila mlio wake. Watu walipita wakamtazama. Mashaka alishusha madebe yake, akangoja naye kibarazani.

Jioni ilipokaribia, Biubwa alitoka. Damu ilikuwa imekaukia kwenye kanga yake.

"Ataishi," alisema. "Mguu pia haukatwi. Ameulizia kama nguruwe alikufa."

Mwinyijuma aliitikia kwa kichwa.

"Mbona hujazima gari?"

"Naogopa, dada. Nikizima halitawaka."

"Tumeshafika, Mwinyijuma. Hakuna tunapokwenda."

Aliutazama ule mkono wake juu ya swichi, na haukutii. Biubwa akapanda akakaa kando yake, akapitisha mkono wake, akazima. Kukawa kimya. Ndipo Mwinyijuma alipoinamia usukani akalia kwa sauti, na dada yake akamwacha alie.