Laini Tatu za Machano

Jamaa zangu wa mjini na shamba, nyinyi mnaotembea na simu mfukoni, nisikilizeni kidogo. Haya yaliwafika watu wa Kikwajuni, mtaa wa mjini, miaka ile kampuni za simu zilipoanza kugombea wateja na kila ukuta ukapakwa rangi ya kampuni fulani.

Ilikuwa alasiri tulivu. Nyumba inanukia udi, na Nadra yuko chumbani anakunja kanga na vinguo vya mtoto. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, tena baada ya miaka mingi ya kuomba na kungoja. Kama ilivyo ada yetu, alikuwa akienda kwao Makunduchi kujifungulia kwa mama yake, Bi Sichana. Mumewe, Machano, dereva wa kuchukua watalii, yuko nje anafunga godoro juu ya gari huku akiimba.

"Machano!"

"Naam."

"Nikishikwa na uchungu huko shamba, ntakupata kwa namba ipi?"

Machano akacheka. Akaingia ndani, akatoa pochi na kumwonyesha laini zake tatu. Moja ya kampuni ya kwanza, ambayo ukoo mzima uliijua namba yake. Ya pili ilikuwa ya kampuni iliyopenda kutoa dakika za bure. Ya tatu aligaiwa sokoni Darajani pamoja na fulana. Simu yenyewe ilikuwa moja, na ilichukua laini moja tu kwa wakati.

"Utanipata tu. We bipu, mie ntapiga."

"Na ukiwa ushaichomoa hiyo tuijuayo, bipu itafika wapi?"

"Acha wahka, Nadra. Wao wanashindana, sisi tunafaidi. Mjinga gani siku hizi anakaa na kampuni moja?"

"Mie sitaki cha bure. Nataka nikikuita uitike."

Machano akaona mkewe amekasirika. Akamshika bega. "Basi nakuahidi. Mpaka ujifungue, sitoi laini hii."

Nisiseme uongo, ndugu zangu. Mashindano yale yalileta kheri. Zamani kupiga simu ilikuwa safari ya kwenda posta na kupanga foleni. Kampuni zilipokuwa nyingi bei zikashuka, hata mama anayelima mwani akaweza kuzungumza na mwanawe aliye ng'ambo. Lakini kila kampuni ilikuwa rahisi kwa watu wake na ghali kwa watu wa mwenzake. Marafiki wakahama pamoja kutoka mtandao huu kwenda ule, wakifuata ofa, na aliyebaki nyuma, awe mke au mzee, akawa hapati mtu.

Siku chache baadaye Machano alikuwa Bwejuu, kama alivyomwarifu mkewe, akiwangoja wageni wake waliokwenda kuogelea. Kutoka Bwejuu hadi Makunduchi kwa gari si mbali hata kidogo. Asubuhi hiyo dereva mwenzake alimpa habari: kampuni ya pili imetoa simu za bure kutwa, mwisho alasiri.

Machano akaitazama simu yake. Akajiambia, "Mwezi wake bado. Dakika mbili tatu tu, halafu nairudisha." Akaichomoa laini ya ahadi, akachomeka ya bure. Akampigia rafiki yake Jamil, akalaza kiti cha gari, wakaanza kuzungumza. Dakika mbili tatu zikawa asubuhi nzima, na adhuhuri ikapita.

Na asubuhi hiyo hiyo, Makunduchi, Nadra aliinuka kwenye mkeka akaona damu. Haikuwa damu ya kawaida. Bi Sichana alipiga yowe, majirani wakaja, wakambeba mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alipomwangalia, uso ulimbadilika. "Huyu apelekwe hospitali kuu mjini, sasa hivi. Gari ya wagonjwa imetoka na mgonjwa mwengine. Mna gari?"

"Mkwe wangu yupo Bwejuu na gari!" alisema Bi Sichana. "Mpigieni aje!"

Wakapiga. Sauti ya mwanamke ikajibu kwa upole: "Samahani, namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Wakapiga tena. Sauti ile ile, upole ule ule.

"Mama," alisema Nadra, midomo imempauka, "katoa laini."

"Katoa nini, mwanangu?" Bi Sichana hakuelewa. Aliendelea kupiga, huku akiipandisha simu juu kana kwamba mkwewe angeiona. Kila aliposikia gari barabarani alitoka mbio, na kila gari lilikuwa si lake. Nadra naye akawa anaandika ujumbe na kupeleka.

Muda mwingi ulipotea kwa kumngoja Machano, maana wote waliamini kuwa yu karibu. Mwisho alipita mtu wa hapo kijijini, Khatib, na gari lake la kubebea mwani. Bi Sichana alisimama katikati ya njia akamzuia. Khatib hakuuliza mengi. Aliyabwaga magunia kando ya barabara, akatandika turubai, wakampakia Nadra.

Alasiri, simu ya Machano ikakatika katikati ya kicheko. Bure imekwisha. Akarudisha laini ya kwanza, na ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwengine.

*Machano njoo.*

*Natoka damu.*

*Uko wapi?*

*Tumepanda gari la mwani. Niombee.*

Aliwaacha wageni pwani, akaendesha kama mwendawazimu mpaka mjini. Mlangoni mwa hospitali alimkuta Bi Sichana, kanga yake imeganda damu.

"Shikamoo, mama."

Bi Sichana hakuitikia marahaba. "Mkeo yu hai," alisema. "Mtoto alikuwa mwanamume. Daktari kasema tungefika mapema kidogo, angepona."

Machano aliingia ndani. Nadra alikuwa ameelekea ukutani.

"Ulikuwa unazungumza na nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Na Jamil."

"Mkizungumza nini?"

Machano alijaribu kukumbuka. Alitafuta, akatafuta tena. Hakukumbuka hata neno moja.

Mtoto alizikwa Makunduchi. Nadra alibaki kwa mama yake, na wazee walipokwenda kumwombea Machano msamaha, aliwaambia: "Nimemsamehe. Lakini kurudi siwezi." Mpaka leo hajarudi.

Funzo

Ndugu zangu, wafanyabiashara watashindana, na faida ya mashindano yao tuipokee. Lakini kampuni haijui nani kwenu ana mimba wala nani mgonjwa. Kulijua hilo ni kazi yako. Nyumba iwe na namba moja isiyozimwa wala kubadilishwa, na watu wako waijue. Nanyi wenye kampuni na wenye mamlaka, msiwawekee watu bei za kumtenga mke na mumewe. Cha bure kina bei yake, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyekitumia.