Karatasi Isiyopepea

Giza lilikuwa linaanza kuingia Mwalimu wa matamshi alipompelekea Chiriku kifaa chake cha kusikia, alichokisahau darasani. Darasa zima humwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo, ingawa masikio yake ni mazito. Mwalimu humfundisha kutofautisha pa na ba kwa kipande cha karatasi: kikishikwa mbele ya midomo, pa hukipeperusha, ba hukiacha kimetulia. Shuleni anapata zote. Nyumbani, mama yake analalamika, ni ba tupu. Mwalimu alimgombeza kwa hilo, na tangu hapo roho yake mwenyewe haikutulia.

Mama alifungua mlango. Alipotoka hospitali alikuwa mifupa mitupu, sasa amenawiri. Chiriku ndiye aliyekonda.

Ndani palinuka maji ya maua yaliyokaa mno.

"Mwonyeshe, Mwalimu," mama alinong'ona, akasogeza kiti karibu... karibu mno. "Mimi hanisikilizi."

"Pa," Mwalimu akasema. "Pa. Pa. Pa."

Chiriku alimkonyeza. Mwalimu hakuelewa. Kifua kilimbana Mwalimu, akasingizia ngazi alizopanda.

"Sasa wewe, dada." Mwalimu akamwekea mama karatasi mbele ya midomo.

"Pa." Sauti safi kabisa.

Karatasi ilisogea...

Kuelekea mdomoni.

Mwalimu aliitia karatasi mfukoni haraka. Akajikaza. "Ngoja nimpeleke dukani, nimnunulie daftari."

"Msichelewe," mama akasema, akitabasamu.

Dukani hawakwenda. Walikata kona, mbiombio, kuelekea kwa shangazi yake Chiriku, mtaa wa pili. Mwalimu alihema kama mgonjwa. Chini ya taa ya barabarani alimvalisha mtoto kifaa.

"Kwa nini nyumbani unasema ba?"

"Pa ina pumzi, Mwalimu. Nikiisema, anaichukua. Ba naibania."

"Na mimi nikakugombeza." Machozi yalimlenga. "Nisamehe, mwanangu."

"Nilikukonyeza," Chiriku akasema. "Ulisema pa nyingi mno."

Shangazi aliwapokea bila maswali, akafunga mlango kwa komeo. Mwalimu akaketi. Mtoto yuko salama, alijiambia, na hilo ndilo la maana. Lakini Chiriku hakutulia. Alichomoa karatasi mfukoni mwa Mwalimu, akaishika mbele ya midomo ya Mwalimu.

"Sema."

"Pa."

Sauti ilitoka safi. Karatasi haikutikisika.

Chiriku aliisogeza karibu zaidi.

"Jaribu tena," akasema taratibu, vilevile kama Mwalimu anavyomwambia yeye darasani.