Mtufaha Uliong'olewa

Kila asubuhi kabla ya shule, Ombeline alipeleka ng'ombe malishoni, na kila asubuhi alikwepa kishimo kilichokuwa katikati ya shamba la kitani, mmea wa nyuzi za nguo. Pale udongo ulizama kila mvua iliponyesha. Babu yake, mzee Anselme, alikijaza udongo kwa toroli, naye Ombeline akishika koleo.

"Siri yetu," Babu alimwambia. "Ardhi ina njaa, tunailisha."

Ilikwisha kula toroli kumi na moja, na haikucheua hata mara moja.

Jumatano, siku isiyo na shule, alikuja mpimaji, Bi Solenne, akisukuma rada yake kama mama mwenye kigari cha mtoto. Wiki iliyopita ng'ombe wa jirani alikuwa ametumbukia kwenye shimo la kale. Zamani, wakulima wa Normandia, huko Ufaransa, walichimba chokaa chini ya mashamba ili kurutubisha udongo, wakaziba midomo ya mashimo kwa magogo, kisha wakasahau.

Na kesho yake baba yake Ombeline angepitisha trekta juu ya kile kishimo, apande kitani.

"Kwetu hakuna kitu," Babu alisema. "Pima kule uani, kisha uje unywe maji ya matufaha."

"Mzee, wewe ni hodari zaidi wa kukaribisha kuliko wa kuonyesha!" Bi Solenne alicheka. "Rada hutuma mawimbi ardhini, kisha huyapokea yakirudi. Lakini udongo wenu wa mfinyanzi umelowa, rada haioni mbali, nami lazima niende polepole. Shamba zima sitalimaliza leo. Nani atanionyesha pa kuanzia?"

Pembeni Baba alikuwa akipaka trekta grisi huku akipiga mluzi. Ombeline alimtazama, kisha akanyoosha kidole kuelekea kishimo.

"Pale," akasema. "Toroli kumi na moja."

"Mtoto wewe! Mdomo umetoboka?" Babu alifoka.

"Afadhali utoboke mdomo, Babu, kuliko shamba litoboke chini ya Baba."

Rada ikapita. Kwenye kioo chake mistari iliyonyooka ikapinda kama bakuli lililopinduliwa. Bi Solenne akarudia mara tatu, kisha akapigilia vigingi vyekundu.

"Magogo yameoza. Chini ni tupu."

Mluzi wa Baba ukakatika.

Mzee Anselme akavua kofia. "Hapo palikuwa na mtufaha. Babu yangu aliupanda uwe alama ya shimo. Niliung'oa mimi, maana ulinipindishia mistari ya kulima. Kisha nikaona haya kusema."

Jumamosi iliyofuata alikuja na mche mchanga, akasimama hatua kumi nje ya vigingi.

"Mjukuu wangu," alisema, "kosa lililofichwa halimngoji aliyelificha. Humngoja yule ampendaye apite juu. Haya, shika koleo. Leo hatufukii, tunapanda."